Masufuria Yalikuwa Msibani

Mama yangu alinyimwa zabuni ya kupika chuoni kwa sababu siku kamati ilipokuja kukagua vyombo, masufuria yake yalikuwa msibani. Habari yenyewe ni hiyo, na anayetaka kuishia hapo aishie. Mimi nimeshindwa kuishia hapo kwa miaka mingi. Mpaka leo nikimsikia mtu redioni akisema tathmini ya zabuni imefuata taratibu zote, damu inanichemka, nazima redio, na watoto wangu wanatazamana.

Chuo chenyewe sikitaji jina. Kilikuwa cha serikali, cha bweni, nje kidogo ya mji wa Mwanza, na mama alikuwa mpishi mkuu wa bwalo lake tangu mimi sijaanza shule. Alizaliwa ufukweni mwa ziwa upande wa Mara, binti wa wavuvi wa Kijita, akaolewa Mwanza, akafiwa na mume mapema, akaomba kazi ya jikoni akapewa. Nilikulia nyuma ya jiko lile. Nilijua harufu ya maharage yanayokaribia kuungua kabla sijajua kusoma. Nilijua pia kwamba mama hakuwa mtu wa kubembeleza watu. Mwanafunzi aliyerudisha sahani akidai mboga haina chumvi alitiliwa chumvi kiganjani na kuambiwa akamalizie mwenyewe. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiugua, uji wake ulipelekwa bwenini ukiwa wa moto, na aliyeupeleka alikuwa mama.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Kila kitu kilikuwa kinauzwa, kinafungwa au kinagawanywa, na sisi watu wa kawaida tulijifunza maneno mapya kila wiki. Mkuu wa chuo aliwaita wapishi bwaloni, akawaeleza kwamba serikali inajitoa katika shughuli ambazo si zake, na kupika ni mojawapo. Mama alinyoosha mkono.

"Samahani mkuu. Kama kupika si kazi ya serikali, sisi miaka yote hii tulikuwa tunampikia nani?"

Watu walicheka, hata mkuu mwenyewe alicheka. Halafu wapishi wote wakapunguzwa kazini.

Mkuu aliwaambia wasikate tamaa. Chakula cha chuo kitatangazwa kwa zabuni, alisema, na wao wenye uzoefu wanakaribishwa kuunda kikundi na kuomba kama wengine. Na mtunza stoo wa chuo, mzee mpole aliyefanya kazi na mama siku zote, akawasaidia jambo moja. Masufuria makubwa ya zamani yalikuwa yamepangwa kutolewa kama vyombo chakavu, naye akahakikisha yanapewa wapishi. Hayakuwa chakavu hata kidogo. Yalikuwa mazito, ya kitako kinene, likijaa maji linataka watu wawili, na kila moja lilikuwa na doa la rangi nyekundu karibu na mkono, alama ya stoo. Mama na rafiki yake waliyaleta kwa mkokoteni mpaka Mkolani, tulikokuwa tunakaa, wakayapanga chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Rafiki huyo alikuwa mjane wa kutoka Magu, mpishi mwenzake, nami nilimwita mama mdogo.

Kabla hata zabuni haijatangazwa, masufuria yale yalikuwa yameshakuwa ya mtaa. Harusi zilikuwa chache miaka ile. Misiba ndiyo ilikuwa mingi. Na kwetu msiba ukitokea, vyombo ndivyo vinavyotangulia. Unapeleka kwanza sufuria, sinia, jagi na kuni, ndipo unakaa chini ulie na wenzako. Chombo kikishaingia msibani hakidaiwi. Kinarudi matanga yakiisha, wafiwa wenyewe wakishazima moto wa nje. Ukienda kuepua sufuria lako mafigani mwa msiba, umewatukana wafiwa tusi ambalo wajukuu wao watasimuliwa. Hakuna aliyetukalisha kutufundisha hayo, tuliyakuta yanafanyika.

Zabuni ilipotangazwa, maombi ya kikundi niliyaandika mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana bado, mwenye ulimi mkali kuliko mshahara wangu, na nilikuwa naruhusiwa kutumia taipureta ya shule baada ya vipindi. Mama alisimama nyuma yangu akinisomea masharti kwa sauti, kana kwamba ni mimi ninayeomba. Sharti mojawapo lilisema kwamba mwombaji awe na vyombo vya kutosha, na kamati itamtembelea alipo ivione.

"Hilo ndilo letu," mama alisema. "Hapo hatuna mpinzani."

Bahasha zilifunguliwa bwaloni mbele ya waombaji wote, na bei zikasomwa kwa sauti. Mpinzani wa kweli alikuwa mmoja, mfanyabiashara wa mjini mwenye malori, aliyekuwa akisambaza saruji na mabati na sasa ameona kwamba ugali nao una faida. Bei yake ikasomwa. Ya kwetu ikasomwa baadaye, na ilikuwa chini ya zote. Mfanyabiashara aligeuka akamtazama mama, akamsalimia kwa kichwa kwa heshima kabisa. Mama mdogo alinifinya paja mpaka nikataka kupiga kelele.

Njiani kurudi mama hakunyamaza. Maharage angeyatoa kwa wakulima wa Magu moja kwa moja. Samaki angewafuata mwenyewe mwaloni, mitumbwi inakoshusha, asubuhi, japo sangara wazuri walikuwa wanaishia kwenye viwanda vya minofu na sisi wenye ziwa tunaachiwa mapanki, mifupa yenye kichwa. Angewarudisha wapishi wenzake wote. Alikuwa ameshaingia jikoni, mwili tu ndio ulikuwa bado barabarani. Nasema hivi ili ieleweke alichokuwa anakitaka. Hakutaka kuwa tajiri, hata neno mkandarasi lilimchekesha. Alitaka kurudi kwenye jiko lake, na asife akiwa mtu aliyeambiwa kazi yake haikuwa kazi.

Ng'ambo ya mfereji uliopita mbele ya nyumba yetu alikaa mama mmoja wa Kisukuma, mpika vitumbua. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, utingo wa malori ya samaki, kijana mcheshi ambaye akipita alikuwa anatutupia utani wote nyumba nzima. Mwaka ule alirudi nyumbani amekonda, na hakuondoka tena. Watu walinong'ona kwamba amekanyaga waya, ndivyo tulivyokuwa tunausema ugonjwa ule bila kuutaja. Polepole watu wa mtaani waliacha kununua vitumbua vya mama yake. Hakuna aliyegombana naye. Walikuwa wameshakunywa chai tu, kila siku, kila nyumba. Ikabidi awe anavuka mji mzima kila alfajiri kwenda kuuza stendi ya Buzuruga, mahali asipojulikana, huku mama yangu akimwangalizia mgonjwa.

Kijana alifariki asubuhi moja, katika wiki ileile ambayo kamati ilisema itapita kukagua. Kilio kilipoanza, mama alivua kandambili zake, akaingia kibandani, akaanza kuyavuta masufuria. Yote. Nilimfuata.

"Mama, bakiza mawili. Kamati inakuja wiki hii."

"Nibakize?" alisema. "Nyumba ile kila mtu anaipimia cha kuipa, na mimi nibakize? Watasema nimebakiza kwa sababu gani?"

Nilijua sababu watakayoisema. Nikashika mkono wa pili wa sufuria, tukavuka mfereji.

Msiba ule ulikuwa mbaya kuliko misiba niliyoizoea. Watu walikuja, maana hakuna anayethubutu kutokuja, lakini walikuja wameshiba. Wakiletewa chakula walisema tumbo linawasumbua. Wengine walikuja na sahani zao ndani ya mikoba. Siku ya pili jirani mmoja alikuja kuchukua sinia lake, akasema amepata wageni wa ghafla. Mfiwa alikuwa amekaa mkekani, kichwa kimefunikwa kanga. Akaifunua kanga, akalitazama lile sinia likibebwa, akalifuata kwa macho mpaka lilipokata kona, kisha akajifunika tena. Hakulia. Nilikuwa nimekaa karibu naye na nilitamani alie.

Mama naye aliona. Alichukua sahani, akapakua ugali na mboga kutoka sufuria lililokuwa mbele kabisa, akaketi katikati ya uwanja mahali kila mtu anapomwona, akala. Alitafuna taratibu, akaongeza, akala tena. Mama mdogo akaenda kukaa naye, na mimi nikaenda. Baadaye wazee wawili watatu wakaja, halafu watu wakaanza kula. Si wote, lakini walianza.

Kesho yake kamati ikaja.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kuchota maji nikakuta gari la serikali limesimama mlangoni. Walikuwa wameshuka: mwenyekiti wao, mtu wa makamo mwenye miwani, mhasibu wa chuo, na yule mtunza stoo. Nikawaamkia, nikakimbia kumwita mama. Alikuja na kanga ya kiunoni, mikono ina unga hadi viwikoni, macho mekundu kwa moshi na kwa kulia.

"Pole mama, tunaona mna msiba," mwenyekiti alisema. "Hatutakuchelewesha. Tuonyeshe vyombo tu."

"Vyombo vipo baba. Viko hapo ng'ambo, vinapika. Twendeni mkavione."

Mwenyekiti aliutazama mkusanyiko wa watu, akayatazama mafaili aliyoshika. Akasema hawawezi kuingia kwenye msiba wa watu wakiwa na makaratasi wanakagua masufuria, si adabu. Na kweli si adabu, siwezi kumlaumu kwa hilo, hata baba yangu angesema hivyo. Akasema lakini wanaweza kusubiri, yaletwe pale nyumbani, hata mawili kwa mfano, wayaone, waandike, waondoke.

"Yako motoni," mama alisema.

"Yaepuliwe kidogo, mama. Ni dakika chache."

Mama aligeuka kutazama ng'ambo. Kutoka pale mlangoni mfiwa alionekana vizuri, amekaa palepale mkekani. Mama alimtazama muda ambao mimi niliuona mrefu mno.

"Mama, mawili tu," nilisema. "Nitayabeba mimi."

"Hayaepuliwi," akanijibu bila kunitazama. Kisha akamgeukia mtunza stoo. "Kaka, wewe si unayajua? Si ni wewe uliyetupa? Waambie."

Mtunza stoo alikohoa. Akasema ni kweli anayafahamu. Mhasibu akasema kwa upole kwamba wao wanaandika walichokiona kwa macho siku ya ukaguzi, la sivyo kila mwombaji atasema vyombo vyake viko kwa jirani. Mwenyekiti akamwitikia kwa kichwa. Wakatupa tena pole, mtunza stoo akampa mama rambirambi ampelekee mfiwa, wakapanda gari. Nilitaka kuliangusha lile gari kwa mikono yangu. Mama alikuwa ameshavuka mfereji.

Matokeo yalitangazwa bwaloni tukiwa tumekaa kwenye mabenchi yaleyale. Mwenyekiti alisema kwamba kikundi chetu kilikuwa na bei nzuri na uzoefu usio na shaka, lakini upande wa vyombo hakikupata alama hata moja, kwa kuwa vyombo havikuonekana, na bila vyombo hakuna kupika. Zabuni akapewa mwenye malori, aliyewaonyesha masufuria mapya kabisa, bado yana karatasi za dukani. Mama mdogo aliinamisha kichwa. Mama alisimama, akauliza afuate njia gani kama hajaridhika. Akaambiwa apeleke malalamiko bodi ya zabuni, mjini.

Alikwenda. Nilimsindikiza kila alipoitwa na kila alipoambiwa arudi. Tulikaa kwenye korido za ofisi zile mpaka wahudumu wakatuzoea, wakawa wanatuuliza habari za Mkolani. Mama alivaa gauni lake la kanisani kila safari. Alikuwa na hakika kabisa. Aliniambia tatizo ni kwamba kamati haikupata nafasi ya kusikiliza, na watu wazima wakielezwa jambo wanaelewa.

Hatimaye tukaingizwa ndani. Walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza ndefu, sisi upande wa pili. Mama alieleza vizuri, kwa ufupi. Masufuria alikuwa nayo, yalikuwa msibani kwa jirani, na wao ni watu wa huku, wanajua chombo cha msibani hakiepuliwi. Yako nyumbani sasa, waende hata leo. Niliona baadhi yao wanaitikia kwa vichwa. Mmoja alisema waziwazi kwamba hata yeye asingeyaepua. Nikaanza kupumua.

Ndipo mama mmoja miongoni mwao, mtu mwenye sauti laini, akauliza, "Huyo marehemu alikuwa kijana?"

"Ndiyo, kijana," mama alijibu.

"Aliugua nini?"

Miaka ile swali hilo halikuwa linaulizwa hivyo mbele za watu. Tulikuwa tunasema malaria, tunasema kifua, na mwulizaji anaridhika. Nilimtazama mama nikimwomba kwa macho aseme malaria. Neno moja, na hakuna ambaye angemwita mwongo, kwa sababu sote tulikuwa waongo wa namna hiyo.

"Mimi sikwenda kumpima," mama alisema. "Nilikwenda kupika."

Yule mama mwenye sauti laini akaandika kitu. Akasema hana nia mbaya, yeye pia ni mzazi. Lakini kama vyombo vilitumika kwenye msiba wa namna hiyo, je, chuo kiko tayari kuwalisha wanafunzi humo? Wanafunzi ni watoto wa watu. Wazazi wakisikia itakuwaje?

Hapo nilisimama. Nikasema ugonjwa ule haupiti kwenye sufuria, kila ukuta wa zahanati umeandikwa hivyo, redio inasema hivyo kila siku, na wao ni watu waliosoma. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Niliambiwa, "Binti, kaa chini," nami sikukaa. Mama ndiye aliyenivuta gauni nikakaa. Wale waliokuwa wanaitikia kwa vichwa walikuwa sasa wanaangalia meza.

Tulikwenda pale na kosa moja, kwamba hatuna vyombo. Tukatoka na kosa jipya, kwamba tunavyo. Waliukubali uamuzi wa kamati kama ulivyokuwa.

Tulipotoka mama hakutaka kupanda gari. Tulitembea mpaka ziwani, kwenye mawe, mahali wanawake wanafulia. Alivua viatu vyake vya kanisani, akaingia majini hadi vifundoni, akainama akanawa uso. Akanawa tena na tena. Ilinichukua muda kujua kwamba alikuwa analia na hakutaka nione. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akilia kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa amelia kwa baba, kwa ndugu, kwa majirani, kwa yule kijana. Nilisimama juu ya jiwe nimeshika viatu vyake, mimi niliyekuwa nimesema maneno yote yale ndani.

Alipotoka majini alikaa, akajifuta miguu kwa kanga.

"Sikiliza," akasema. "Jirani asijue."

"Asijue nini?"

"Kwa nini tumekosa. Asijue kabisa. Akiuliza, useme tumekosa tu."

Nilimwambia si haki. Nilimwambia mtaa mzima unapaswa kujua, hasa wale waliobeba masinia yao. Akaniambia mtaa ukijua na yeye atajua, na akijua hatalala. Atajiona yeye na mtoto wake ndio waliotunyang'anya kazi. "Amezika mtoto wa pekee," alisema. "Hilo linamtosha. Usimwongezee." Kisha akanitazama kwa namna aliyokuwa akiwatazama wanafunzi wanaorudisha sahani. "Na ulimi wako nauona ulivyo. Nikisikia umemwambia, hatutaelewana mimi na wewe."

Niliahidi. Mama mdogo naye aliapishwa.

Mwenye malori alianza kazi. Haukupita muda akaja nyumbani, kwa adabu zake zote, akavua kofia mlangoni. Masufuria yake mapya yalikuwa ya bati jepesi, yanaunguza ugali chini huku juu haujaiva, na wanafunzi wameanza kupiga sahani bwaloni. Alikuwa ameambiwa na mtunza stoo kwamba ya mama ni mazuri. Alitaka kuyakodi. Na kama mama mwenyewe angependa, angemwajiri kibarua, asonge.

Mama alimkaribisha kiti, akampa chai. Akamwacha anywe mpaka nusu.

"Hayo ni masufuria ya msibani," akamwambia. "Wanafunzi ni watoto wa watu."

Yule bwana hakuelewa, hakuwa ndani siku ile. Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kuhusu jambo lile. Mama mdogo alikwenda kufanya kibarua chuoni, ana watoto wa kusomesha, na mama hakumlaumu hata siku moja. Yeye mwenyewe alianza kukaanga mapanki barabarani Mkolani. Alikuwa akinunua mwaloni mifupa ya samaki ambao minofu yao imepanda ndege, anaikaanga vizuri, anaiuza jioni kwa watu wanaotoka kazini. Wanafunzi wa zamani wakipita walimwita mama wa bwalo. Aliitikia, lakini alikuwa hapendi tena jina hilo, nilimwona.

Masufuria yalipata kazi. Miaka ile ndiyo misiba ilipozidi, kila mtaa, kila wiki, vijana kwa vijana, na mama hakumnyima mtu. Alikuwa hamwulizi mtu marehemu aliugua nini. Kibanda cha mabati nyuma ya nyumba kilikaa wazi muda mrefu kuliko kilivyokaa na vyombo, na doa jekundu la stoo lilifutika kwa kusuguliwa na majivu ya nyumba za watu. Tukio lile la sinia halikurudiwa mtaani kwetu, au mimi sikuliona tena. Kama mama alihesabu hilo kuwa kitu, hakuniambia.

Alifariki karne ikielekea kuisha. Ilikuwa presha. Alianguka barabarani karibu na karai lake la mafuta na hakuamka. Nilipofikishwa nyumbani nilikuta masufuria yameshafika. Yamepangwa mstari mmoja uwanjani, yanachemka yote, na anayekoroga sufuria la mbele alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Alikuwa ameyafuata mwenyewe mtaa wa pili, mahali matanga yalikuwa yameisha, akayasukuma kwa mkokoteni peke yake. Hakumruhusu mtu kushika ule mwiko tangu asubuhi.

Siku ya pili ya msiba mtunza stoo alikuja, amezeeka, ameshika fimbo. Alikaa akapewa sahani. Aliyatazama masufuria muda mrefu, akataka kuniambia jambo, nikampa maji ya kunawa ili asiliseme mbele ya jirani. Alikula akamaliza.

Siku ya kuzima moto tulibaki wachache. Jirani alikuwa anasugua sufuria kwa majivu, mimi nasuuza. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Akaniuliza bila kuinua kichwa, kama mtu anayekumbuka tu jambo.

"Mwanangu, ile kazi ya chuo. Mama yako na masufulia yote haya, na kupika alivyokuwa anajua. Ilikuwaje mkaikosa? Nilimwuliza mwaka ule akaniambia mmekosa tu. Sikulizika."

Niliacha kusuuza. Nilimwona amekonda uso, mikono imejaa majivu mpaka kwenye viwiko, mama asiye na mtoto, yeye aliyemsukumia mama yangu mkokoteni. Maneno yote niliyoyanyamaza miaka yote ile yalikuwa pale mdomoni, yamepangwa, na aliyenikataza hakuwepo tena wa kunivuta gauni.

"Bei yetu ilikuwa juu, mama," nikamwambia.

Akatikisa kichwa taratibu, akasikitika.

"Jamani," alisema. "Si angepunguza kidogo tu."

Akageuza sufuria, akaendelea kusugua.